Kimeo, Pepopunda na Kupaliwa: Historia ya Tatizo la Kumeza kwa Watoto wa Pwani ya Tanga

Mkwaja, katika Wilaya ya Pangani, iko kwenye ukanda wa pwani unaoelekea Saadani na Bagamoyo. Katika maandishi ya kitaalamu, eneo hilo linafahamika zaidi kwa ranchi ya ng'ombe iliyoanzishwa mwaka 1952, ikasumbuliwa na ndorobo, ikafungwa mwaka 2000, na ardhi yake ikaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Afya ya mifugo iliandikwa kwa kina. Mtoto mchanga aliyeshindwa kunyonya hakuachiwa kumbukumbu za namna hiyo. Historia yake haina budi kutafutwa katika lugha na tiba za ukanda mzima wa pwani. Hoja ya makala haya ni kwamba wazazi waliziona dalili hizo kwa usahihi, lakini maelezo ya chanzo chake yaliwekwa mahali pamoja tu: kooni.

Msamiati wa Kiswahili unathibitisha umakini huo. Mtoto hukataa ziwa, hucheua, hutapika au hupaliwa, na maneno haya hayana maana moja. Kucheua ni kurudisha maziwa kidogo baada ya kushiba. Kupaliwa ni chakula kupita njia ya hewa. Anayepaliwa kila mara yumo katika hatari ya kupata nimonia. Hata hivyo, dalili hizi, pamoja na kikohozi kisichokoma na kukonda, mara nyingi zilikusanywa chini ya jina moja la ugonjwa, yaani kimeo. Kinyama hicho kinachoning'inia nyuma ya kinywa, kiitwacho pia kilimi au kimio, kilidhaniwa kuwa kimerefuka na kuziba koo. Tiba yake ilikuwa kukikata.

Tiba hiyo haikuwa ya pwani pekee. Al-Zahrawi, tabibu wa Andalusi aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, alieleza ukataji wa kimeo katika kitabu chake Al-Tasrif. Desturi kama hiyo imeshuhudiwa Ethiopia, Yemen na Afrika Magharibi. Mfanano huo hautoshi kuthibitisha kwamba pwani iliipokea kutoka ng'ambo, ila unaonyesha kwamba dhana hiyo ilikuwa na nafasi katika utabibu wa vitabuni. Nchini Tanzania, D. R. W. Haddock na Chiduo waliichapishia makala mwaka 1965, na J. J. Manni akairejea mwaka 1984. Kwa hiyo, desturi hiyo ilidumu sambamba na hospitali.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Mtoto mwenye pepopunda ya uchanga hunyonya vizuri katika siku mbili za mwanzo; kisha, kati ya siku ya 3 na ya 28, taya hukaza na hushindwa kunyonya. Kumpeleka kwa fundi wa kimeo kulipoteza muda, na kisu kisicho safi kiliweza kuleta damu nyingi au hiyo hiyo pepopunda. Kwa mtoto mwenye mpasuko wa kaakaa, maziwa hutokea puani; kwa mwenye mtindio wa ubongo, misuli ya ulimi na koo haifanyi kazi kwa mpangilio. Wote wawili hawakupata nafuu kwa kukatwa kimeo. Zaidi ya hayo, kimeo ni sehemu ya kaakaa laini, ambalo hufunga njia ya pua wakati wa kumeza. Jeraha la hapo lingeweza kumzidishia mtoto maumivu na kumfanya akatae ziwa kabisa.

Huduma za serikali zilibadili tafsiri ya dalili hiyo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, zahanati za vijijini ziliongezwa. Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza mwaka 1975, na chanjo ya pepopunda kwa wajawazito ikawa kinga ya mtoto kabla hajazaliwa. Katika miaka ya 1990, mwongozo wa matibabu ya watoto uliofundishwa kwa wahudumu uliweka kushindwa kunyonya au kunywa miongoni mwa dalili za hatari zinazodai rufaa ya haraka. Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya uzazi na uchanga kama tatizo la afya ya jamii.

Mafanikio hayo yana mpaka wake. Mwongozo wa dalili za hatari ulilenga kuzuia kifo cha karibu. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye hafi leo lakini hupaliwa kila anapolishwa uji, haingii kwa urahisi katika kipimo hicho. Anahitaji mkao ulionyooka, uji wa uzito unaofaa, kijiko kidogo na mlishaji asiye na haraka, tena kwa miaka. Mahali ambapo zahanati haina jibu kwa hali ya namna hiyo, maelezo ya kimeo hubaki na mvuto, kwa kuwa humpa mzazi sababu na jambo la kutenda siku hiyo hiyo. Kudumu kwa kimeo, basi, hakuelezwi na ukosefu wa elimu pekee. Kunaelezwa pia na pengo ambalo tiba ya kisasa haijalijaza.