Kutoka Nanga hadi Kompyuta: Muda wa Wimbo katika Kagera

Wapenzi wa ushairi wa mwambao hawahitaji kuelezwa habari ya Siti binti Saad, aliyevuka bahari mwaka 1928 akaenda Bombay pamoja na wenzake kurekodi nyimbo zao katika santuri. Safari ile iliipatia taarabu wasikilizaji wapya, lakini ilikuwa na sharti lake. Santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ilichukua dakika tatu hivi kwa kila upande, na wimbo uliozoea kuimbwa barazani hadi watu watosheke ulilazimika kukoma pale sindano ilipofika mwisho. Sharti hilo, likibadilika sura kila zama, liliwafuata pia waimbaji wa upande wa pili wa nchi, kandokando ya Ziwa Viktoria: tangu mafanani wa kale hata vijana wa Bukoba na Muleba wanaoanzisha kundi na kurekodi nyimbo zao za kwanza kwa kompyuta ya nyumbani.

Nanga ya Wahaya si ile ya jahazi. Ni ubao uliochongwa ukaachiwa uvungu mfano wa kihori kidogo, ukatandazwa nyuzi juu yake. Mpigaji huzidonoa nyuzi hizo huku akighani tendi za wafalme, za mashujaa, na za Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba. Profesa Mugyabuso Mulokozi, ambaye wasomaji wa mashairi wanamfahamu kwa diwani ya Malenga wa Bara aliyoitunga pamoja na K. K. Kahigi, alizifanyia tendi hizo uchunguzi mrefu, na tasnifu yake ya mwaka 1986 ilizithibitishia nafasi yake miongoni mwa tendi za Afrika. Walezi wa sanaa hiyo walikuwa Abakama, yaani wafalme wa dola kama Kiziba, kaskazini ya mji wa Bukoba, na Ihangiro, ambayo leo imo katika Wilaya ya Muleba. Huko utendi haukupimwa kwa dakika. Fanani alikirefusha kisa au kukifupisha kwa kadiri ya hadhira, na mapigo yake yaliharakishwa na vita na kupozwa na maombolezo.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na mitambo yake ya kunasia sauti. Mmoja wa Wahaya aliowarekodi alikuwa Habibu Selemani, aliyeghani habari za Mugasha kwa nanga. Kazi za Tracey zimehifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika aliyoiasisi mwaka 1954, na ambayo sasa imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Ni hazina kubwa, lakini ina uchungu wake. Sauti ya Kagera ilikwenda kukaa mbali, na iliyokaa ni sehemu tu ya kile ambacho fanani alikuwa na uwezo wa kukighani.

Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, na nanga ikapoteza ukumbi wake wa kifalme. Kwa miaka mingi baada ya hapo, mwanamuziki aliyetaka kusikika nchini alitegemea Radio Tanzania Dar es Salaam. Studio ilikuwa ya Serikali, nayo ilikuwa mbali na ziwa. Redio za watu binafsi ziliporuhusiwa katika miaka ya 1990, na kanda zikajaa masokoni, mlango ulifunguka kidogo. Aliyepita mlangoni hapo kwa kishindo alikuwa Saida Karoli, binti wa Bukoba, mpiga ngoma na mwimbaji. Mwaka 2001 wimbo wake Maria Salome, ambao wengi waliuita Chambua Kama Karanga, ulichezwa harusini na katika mabasi hata na watu wasiojua neno moja la Kihaya.

Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliutengeneza upya wimbo huo kwa jina la Salome, na vijana waliokuwa watoto wachanga kanda ile ilipotoka wakaupokea kama mpya. Wimbo wa Saida Karoli umeshinda dhana kwamba lugha ya nyumbani haivuki mipaka ya mkoa.

Wakati huohuo chombo kingine kilikuwa kimeingia. Mwaka 1997 kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji ilitoa programu ya FruityLoops, ambayo tangu 2003 inaitwa FL Studio, na watayarishaji wengi wa Bongo Fleva wakaishika. Mwaka 2000 ikatoka Audacity, inayotolewa bure. Kwa kompyuta moja, kinasa sauti kimoja na vipaza sauti vya masikioni, kundi la watu wanne laweza sasa kuanza kazi: mmoja arekodi ngoma, wa pili aimbe juu yake, wa tatu aongeze kiitikio, kila sauti ikikaa katika mstari wake. Magodoro na mablanketi huzuia mwangwi wa chumba. Mvua ndiyo adui asiyezuilika, maana Bukoba ni mojawapo ya miji inayopata mvua nyingi mno nchini, na bati likianza kunguruma kazi husimama.

Sharti la dakika tatu limekwisha. Kompyuta haina upande wa kwanza wala wa pili. Inaweza kuupokea utendi wote. Lakini imekuja na sharti jingine. Katika FruityLoops ngoma hupangwa kwa hatua 16 zilizo sawasawa, ilhali ngoma nyingi za Maziwa Makuu hupenda kwenda kwa tatu na kwa sita. Asiyejua kuibadilisha mipangilio hiyo huikunja ngoma ya babu yake ili itoshe ndani ya sanduku. Kasi nayo huwekwa mara moja, ikabaki ileile tangu mwanzo hadi mwisho, na yale mapigo ya fanani yaliyopumua pamoja na kisa hayana pa kupumulia. Iko pia Auto-Tune, iliyotoka 1997, ambayo huivuta kila sauti iangukie ngazi za piano. Kihaya ni lugha ya toni, ambamo kupanda na kushuka kwa sauti huweza kutenganisha maana. Basi anayesahihishwa sauti namna hiyo huenda akasahihishwa na neno lenyewe.

Ajabu ni kwamba, baada ya kurudishiwa muda, makundi mengi bado yanaukata wimbo katika dakika tatu au nne. Si mashine tena inayowaamuru, ni mazoea ya redio na ya soko. Hapo ndipo historia inapokuwa na faida kwa anayeanza. Mwaka 1950 fanani hakuwa na hiari juu ya urefu wa rekodi wala juu ya mahali itakapohifadhiwa. Kundi la leo lina hiari zote mbili, na mafanani wa nanga wanaozijua tendi ndefu wanapungua mwaka hadi mwaka. Wimbo mfupi wa redio na uendelee kurekodiwa, maana ndio unaoleta riziki. Lakini kompyuta hiyohiyo, jioni moja isiyo na mvua, yaweza kuwekwa mbele ya mzee wa Ihangiro au wa Kiziba, kasi ya programu ikazimwa, naye akaachwa aghani mpaka amalize mwenyewe.