Gari Lisilohitaji Kobalti

Wiki chache zilizopita, katika semina ya wanafunzi wa mwaka wa tatu, tulikuwa tukijadili nafasi ya Afrika katika uchumi wa karne hii. Kijana mmoja aliyeketi safu ya nyuma alisimama akasema kwa kujiamini: "Daktari, safari hii wao ndio wamekwama, si sisi. Hakuna gari la umeme bila kobalti ya Kongo na nikeli ya Kabanga. Wakitaka magari, watakuja kupiga magoti." Wenzake walimpigia makofi. Sikumkatiza. Nilichukua chaki nikaandika ubaoni hesabu moja tu: 126 × 3.2 × 150.

Jibu lake ni 60,480. Hiyo ni hesabu ya betri ya gari la familia linaloitwa BYD Atto 3. Betri hiyo ina seli 126 zilizounganishwa mfululizo, kila moja ikiwa na volti 3.2 na uwezo wa ampea-saa 150. Ukizizidisha unapata wati-saa 60,480, yaani kilowati-saa 60.48. Katika kemia ya seli hizo hamna kobalti, wala hamna nikeli. Makofi yalikoma, na kengele ya kipindi ikalia kabla sijaeleza tumefikaje hapo. Naandika haya ili nikamilishe somo lile.

Nalichagua gari hili kwa sababu si la ajabu. Si gari la matajiri wala la maonyesho. Lilianza kuuzwa China Februari 2022 kwa jina la Yuan Plus, kisha likapelekwa Australia, Ulaya na kwingineko kwa jina la Atto 3. Ni gari la viti vitano lililoinuka kidogo kutoka ardhini, aina ile ambayo familia za tabaka la kati duniani kote zinaipenda. Lina urefu wa mita 4.455, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.72. Mota moja ya kilowati 150 huzungusha magurudumu ya mbele na kulifikisha gari mwendo wa kilomita 100 kwa saa katika sekunde 7.3. Kwa kipimo cha Ulaya, betri ikijaa gari hilo husafiri kilomita 420. Mwaka 2022 lilipata nyota tano katika majaribio ya usalama ya Euro NCAP. Kwa ufupi, ni gari la kutosha, na hapo ndipo uzito wake wa kihistoria ulipo. Linapotosheleza mahitaji ya watu wengi bila kutumia madini fulani, mwenye madini hayo hana budi kuzifanya upya hesabu zake.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1980, katika Chuo Kikuu cha Oxford, John Goodenough na wenzake walionyesha kwamba oksidi ya lithiamu na kobalti inafaa kuwa ncha chanya ya betri. Mwaka 1991 kampuni ya Sony ya Japani ikaingiza sokoni betri za kwanza za lithiamu zilizotumia kemia hiyo. Simu na kompyuta za mkononi zilipoenea, kobalti ya Katanga ikapata thamani mpya. Lakini Goodenough hakuishia hapo. Alihamia Chuo Kikuu cha Texas, na mwaka 1997 yeye na wenzake, akiwamo mtafiti kijana Akshaya Padhi, walichapisha matokeo kuhusu mchanganyiko mwingine: lithiamu, chuma na fosfati. Chuma kinapatikana karibu kila mahali, na fosfati ndiyo ile ile ya mbolea.

Kemia hiyo ilikuwa na sifa moja kubwa na kasoro mbili. Sifa yake ni utulivu: fosforasi huishikilia oksijeni kwa nguvu, hivyo hata betri ikipata joto kali, oksijeni haiachiliwi kirahisi kuchochea moto. Kasoro ya kwanza ni kwamba ilipitisha umeme kwa shida. Watafiti wa Kanada, akiwamo Michel Armand, walisaidia kuipunguza kwa kuzifunika chembe zake kwa utando mwembamba wa kaboni. Kasoro ya pili ni kwamba kwa uzito ule ule, betri hii hubeba nishati kidogo kuliko ile ya nikeli na kobalti. Kasoro hii haikuondolewa maabara. Iliachiwa wahandisi wa viwandani waizunguke, nao walichukua zaidi ya miaka 20.

Hapa ndipo historia ya sayansi inapogeuka kuwa historia ya siasa. Maarifa yalizaliwa Marekani, na Wamarekani walijaribu kuyatumia. Kampuni ya A123 Systems, iliyoanzishwa mwaka 2001 kutokana na utafiti wa MIT, ilitengeneza betri za aina hiyo na mwaka 2009 ikapewa ruzuku ya serikali ya takribani dola milioni 249. Oktoba 2012 iliomba kinga ya mufilisi. Mwaka uliofuata ikanunuliwa na kampuni ya Wanxiang ya China. Fedha zilikuwapo na sayansi ilikuwapo, ila soko la magari la kutosha la kununua betri hizo halikuwapo.

China ilianza kwa kulijenga soko lenyewe. Mwaka 2001 serikali yake iliyaingiza magari ya umeme katika mpango wa taifa wa utafiti ujulikanao kama 863. Aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Wan Gang, mhandisi aliyerejea nyumbani baada ya miaka mingi katika kampuni ya Audi nchini Ujerumani, na ambaye baadaye alikuwa waziri wa sayansi na teknolojia kuanzia 2007 hadi 2018. Kuanzia 2009 zilitolewa ruzuku kwa teksi, mabasi na magari ya ofisi za umma, kisha kwa wanunuzi wa kawaida, na hazikukoma hadi mwishoni mwa 2022. Jiji la Shenzhen lilianza na teksi za umeme mwaka 2010, na kufikia mwisho wa 2017 mabasi yake yote, zaidi ya 16,000, yalikuwa ya umeme.

BYD ni zao la mazingira hayo. Wang Chuanfu, msomi wa kemia ya metali, aliianzisha Shenzhen mwaka 1995 ili itengeneze betri za kuchajiwa, na betri za simu ndizo zilizoikuza. Mwaka 2003 alinunua kiwanda kidogo cha magari kilichokuwa kikisuasua. Safari haikuwa ya moja kwa moja. Kuanzia 2017 ruzuku za China zilipendelea betri zenye nishati nyingi kwa kila kilo, na watengenezaji wengi, BYD ikiwamo, wakageukia nikeli na kobalti. Ruzuku zilipopunguzwa mwaka 2019 bei ikarudi kuwa hakimu, na chuma na fosfati vikarejea mezani.

Machi 2020 kampuni hiyo ilionyesha kile ilichokiita betri ya upanga. Kila seli ina urefu wa sentimeta 96, kimo cha sentimeta 9 na unene wa sentimeta 1.35. Badala ya kuzifungasha seli katika maboksi madogo, kisha maboksi hayo katika boksi kubwa, wahandisi walizipanga seli zenyewe moja kwa moja chini ya sakafu ya gari, nazo zikawa sehemu ya uimara wa betri nzima. Nafasi iliyokuwa ikiliwa na maboksi ikajazwa seli. Kemia haikubadilika, ila mpangilio ulifidia sehemu kubwa ya upungufu wake. Atto 3 ni matunda ya uamuzi huo.

Sasa tuutazame upande wetu katika miaka hiyo hiyo. Machi 2018 bei ya tani moja ya kobalti ilifika takribani dola 95,000 katika soko la London. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inayochimba takribani asilimia 70 ya kobalti yote duniani, ilikuwa imepitisha sheria mpya ya madini mwaka huo. Mwishoni mwa 2018 ikaitangaza kobalti kuwa madini ya kimkakati na kuipandishia mrabaha hadi asilimia 10. Ilikuwa haki yake, na mimi ningekuwa Kinshasa ningeunga mkono. Lakini kufikia katikati ya 2019 bei ilikuwa imeshuka chini ya dola 30,000, hasa kwa sababu mzigo ulijaa sokoni. Wakati huo huo, ile bei ya juu ilikuwa imewaonyesha watengenezaji hatari ya kutegemea chimbuko moja, na habari za watoto katika machimbo ya Kolwezi zilikuwa zimewachafulia jina. Mwaka 2020 hata Tesla ilianza kutumia betri za chuma na fosfati katika magari yaliyoundwa Shanghai. Kwa takwimu za Shirika la Kimataifa la Nishati, mwaka 2023 betri za aina hiyo zilitosheleza zaidi ya asilimia 40 ya mahitaji ya magari ya umeme duniani. Februari 2025 Kongo ililazimika kusitisha kwa muda uuzaji wa kobalti nje ili kuinusuru bei.

Sisi wa Tanzania hatupaswi kushangaa. Babu yangu mzaa mama alitoka Kasulu akiwa manamba, akaja kukata mkonge Korogwe. Alizoea kutuambia kwamba enzi hizo king'ora cha korona kilipolia, mtu aliamini kitalia milele. Mkonge huo ulianza na miche 62 iliyosalimika katika shehena aliyoiagiza Richard Hindorf kutoka Florida mwaka 1893. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 230,000. Kisha zikaja kamba za plastiki. Wapo wanaolaumu utaifishaji wa 1967, na wana sehemu ya ukweli. Lakini hata menejimenti bora kuliko zote isingeweza kumzuia mkulima wa Ulaya kununua kamba iliyokuwa rahisi zaidi. Kufikia mwaka 2000 tulikuwa tukizalisha takribani sehemu moja ya kumi ya kiwango kile. Babu alirudi Kasulu na kovu la mwiba jichoni, bila kiinua mgongo. Hakuna aliyewahi kumweleza kwamba kilichomshinda ni ugunduzi wa maabara.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kobalti na nikeli zimekufa. Magari mengi ya masafa marefu bado yanazitumia. Wala sisemi kwamba Atto 3 haihitaji chochote kutoka kwetu. Lina shaba, na shaba ipo Kongo na Zambia. Ncha hasi ya betri yake ni kinywe, na kinywe kipo Mahenge na Ruangwa. Lakini hata hapo tazameni: zaidi ya asilimia 90 ya kinywe kilichosafishwa kwa ajili ya betri hutoka China, na mwishoni mwa 2023 China ilianza kudai vibali kwa kila anayetaka kukinunua kutoka kwake. China ina kinywe chake ardhini, ila kinachoogopwa na wanunuzi ni viwanda vyake vya kukisafisha.

Wapo watakaonijibu kwamba China ina watu zaidi ya bilioni moja na hazina kubwa, hivyo kuilinganisha na sisi ni kupoteza muda. Ni hoja nzito. Hatuwezi kujenga BYD yetu kwa miaka mitano. Lakini kuwalipa wataalamu kumi wa kemia ya betri katika chuo kimoja cha umma, wanaomweleza waziri kila mwaka dunia inahamia kwenye madini gani, hakuhitaji watu bilioni moja. Kuweka katika kila mkataba wa uchimbaji wa miaka 25 kifungu kinachouliza itakuwaje kemia ikibadilika, hakuhitaji hazina kubwa. Mtumishi wa umma anayesoma haya anajua kama swali hilo liliwahi kuulizwa mezani kwake.

Wiki iliyofuata yule kijana alinifuata ofisini. Aliniuliza ni idara gani hapa chuoni inayofundisha kemia ya betri, kwa sababu angependa kuhudhuria hata kama si kozi yake. Nilipiga simu tatu mbele yake, na hakuna aliyekuwa na jibu. Alishukuru kwa adabu, akaondoka. Jina lake nimeliandika kwenye daftari langu, na barua ya kuulizia jambo hilo nimeshaipeleka kwa wakubwa zangu.