Ncha za sumaku katika mota zisizo na brashi zina kazi gani?

RELI ya kisasa inayopita Kwala, wilayani Kibaha, ambako Bandari Kavu ilizinduliwa Julai 31, 2025, hutumia umeme wa volti 25,000 wenye mizunguko 50 kwa sekunde. Gari la kuchezea linaloendeshwa kwa rimoti hutegemea betri inayoenea kiganjani. Hata hivyo, mota ya treni ya umeme ya kisasa na ile ya gari hilo dogo huendeshwa kwa kanuni moja: uga wa sumaku huzungushwa, nao huivuta rota.

Katika mota za zamani, umeme hufikishwa kwenye koili zinazozunguka kupitia vipande vya kaboni, yaani brashi, ambavyo husuguana na kulika. Mota ndogo isiyo na brashi imegeuza mpangilio huo. Koili zimetulia, sumaku ndizo zinazozunguka, na kidhibiti cha kielektroniki hugawa umeme kwa zamu kupitia nyaya tatu.

Kila sumaku iliyobandikwa kwenye rota huelekeza kwa koili ncha moja, ama ya kaskazini ama ya kusini. Kwa kuwa ncha hizo hupokezana, idadi yake haiwezi kuwa witiri. Magari madogo ya mashindano hutumia zaidi mota za ncha 2, makubwa kidogo ncha 4, ilhali mota nyingi za droni zina ncha 14 zinazozunguka nje ya meno 12 yenye koili.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Hudhani kuwa ncha zikiongezeka, mwendo lazima upungue. Dhana hiyo ni kweli kwa mota iliyounganishwa moja kwa moja na umeme wa gridi: kwa mizunguko 50 kwa sekunde, uga wa mota ya ncha 2 huzunguka mara 3,000 kwa dakika, na wa ncha 4 mara 1,500. Lakini kidhibiti cha betri hakina kasi ya kudumu. Huifuata rota ilipo. Kasi huamuliwa na volti pamoja na namba ya KV, ambayo ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, pasipo mzigo. Mota mbili zenye KV 1,000 zikipewa volti 11.1 zitakaribia mizunguko 11,100, ziwe na ncha 2 au 14.

Kinachobadilika ni kazi ya kidhibiti. Mota ya ncha 14 ina jozi 7, kwa hiyo umeme hukamilisha duru 7 kila rota izungukapo mara moja. Mizunguko 11,100 huwa duru 77,700 kwa dakika. Kidhibiti kisichomudu kasi hiyo hupoteza mapigo, mota ikakwama ghafla. Kwa gari ni usumbufu, kwa droni iliyo juu ya watu ni hatari. Aidha, aliyeandika ncha 2 badala ya 14 kwenye programu ya kipimo ataonyeshwa kasi mara saba ya ile halisi.

Kwa mota ambayo sumaku zake huonekana, inatosha kuzihesabu. Kwa iliyofungwa, wapo wanaohesabu mikwaruzo inayosikika vidoleni rota ikizungushwa. Njia hiyo hudanganya, kwani mota ya meno 12 na ncha 14 hukwama mara 84 kwa mzunguko. Njia ya kuaminika ni kuitenga na kidhibiti, kupitisha umeme mdogo wa moja kwa moja katika nyaya mbili kwa muda mfupi, na kuhesabu mahali rota inapotulia katika mzunguko mmoja. Vituo 7 ni jozi 7, yaani ncha 14.

Ncha nyingi zina gharama yake. Huongeza msukumo bila kuongeza uzito mwingi, lakini chuma cha koili hupata joto zaidi kadiri duru zinavyoongezeka. Sumaku za kawaida za neodimiamu huanza kupoteza nguvu kwenye nyuzi joto 80 hivi, na nguvu iliyopotea hairudi mota ikipoa. Kwa jua la Pwani, gari lililochezewa mchana linahitaji kupumzishwa mapema kuliko maelezo ya boksi yanavyodokeza.