Jina, Shamba na Merikebu: Kuwafuatia Wahamiaji wa Norwe hadi Marekani

Katika utafiti wa historia ya koo, jina la mtu aghalabu huchukuliwa kuwa ufunguo wa kwanza. Makala hii fupi inakusudia kuonyesha kwamba, kwa Wanorwe waliohamia Marekani katika karne ya 19, ufunguo huo mara nyingi hufungua mlango wa jirani. Anayetaka kujua babu yake alivuka Atlantiki kwa merikebu gani hana budi kuyaelewa kwanza majina ya Kinorwe; na kazi hiyo ni ya mwanaisimu kama ilivyo ya mwanahistoria.

Mwanzo wa safari hizo unajulikana vyema. Mnamo Julai 1825 chombo kidogo cha mlingoti mmoja, Restauration, kiling'oa nanga Stavanger kikiwa na watu 52. Kilipitia Madeira, kikafika New York tarehe 9 Oktoba kikiwa na watu 53, kwani mtoto mmoja alizaliwa baharini. Huko kilizuiliwa kwa kubeba abiria kupita idadi iliyoruhusiwa na sheria ya Marekani ya 1819, hata Rais John Quincy Adams akatoa msamaha. Katika miaka mia iliyofuata Wanorwe wapatao 800,000 walihama. Si ajabu basi kwamba koo nyingi zingependa kujihesabu katika uzao wa wale 52, ijapokuwa hesabu yenyewe inakataa.

Tuyatazame majina. Ole, mwana wa Hans, aliitwa Ole Hansen, na dada yake Kari aliitwa Kari Hansdatter. Watoto wa Ole hawakuwa tena Hansen, bali Olsen na Olsdatter. Msomaji aliyezoea Ali bin Juma na Fatuma binti Juma hatapata taabu hapa. Taabu huanza na jina la tatu, lile la shamba. Bakken, Haugen na Dalen ni maneno ya kawaida ya kilima, kichuguu na bonde, yakiongezwa kiambishi tamati -en kinachoonyesha kwamba kinachotajwa ni kile kinachojulikana. Jina hili lilionyesha mahali mtu alipoishi, wala halikuonyesha ukoo. Ole Hansen Bakken akihamia shamba la Moen aliitwa Ole Hansen Moen. Na mwanamume aliyeoa akahamia shambani kwa mkewe alichukua jina la shamba hilo. Kwa hiyo ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, waliweza kufika Marekani mmoja akiwa Hansen na mwingine Moen, na wajukuu wao wasijue kamwe kwamba ni jamaa.

Juu ya hayo kuna suala la tahajia. Wakulima walisema lahaja zao, ilhali kasisi aliandika daftari la parokia kwa lugha ya maandishi ya Kideni iliyobaki baada ya muungano na Denmaki kuvunjika mwaka 1814. Jina moja likawa na sura ya mdomoni, sura ya kasisi, na baadaye sura ya karani wa Kiingereza asiyekuwa na herufi ø. Yeyote anayeshughulikia jambo hili ana deni kwa Oluf Rygh, ambaye kitabu chake kikubwa cha majina ya mashamba, Norske Gaardnavne, kilianza kutolewa mwaka 1897. Kwa njia hii twaelewa jinsi Rokne, shamba la Voss, lilivyokuwa Rockne katika jina la mkufunzi mashuhuri wa kandanda ya Kimarekani, na Mundal ya Fjærland ikawa Mondale, jina la Makamu wa Rais wa miaka 1977 hadi 1981.

Hapa yafaa kukanusha hadithi inayopendwa mno, kwamba maofisa wa Ellis Island waliwabadilisha watu majina. Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 1892, wakati uhamiaji ulikuwa umekwisha kuendelea kwa zaidi ya miaka 60, na maofisa wake walikagua orodha zilizokwisha kuandikwa na makampuni ya meli. Mabadiliko mengi yalitokea baadaye, na mara nyingi mwenye jina ndiye aliyeyataka.

Kuhusu merikebu zenyewe, mtafiti hukutana na pengo ambalo ni bora alijue mapema. Uingereza ilipofuta sheria zake za usafiri wa baharini mwaka 1849, merikebu za Norwe ziliruhusiwa kuchukua mbao Kanada. Hivyo zilikwenda Quebec na wahamiaji, zikarudi na mbao. Tangu 1850 njia hiyo ikawa ndiyo kuu, lakini orodha za abiria wa Quebec zilizohifadhiwa kwa mfululizo huanza 1865 tu. Kwa miaka hiyo 15 mtu aweza kupata tarehe merikebu ilipofika na idadi ya abiria, asipate jina hata moja. Akina Mundal walihama mwaka 1856, katikati ya pengo hilo.

Zilipokuja meli za moshi tatizo liligeuka. Msafiri alivuka Bahari ya Kaskazini hadi Hull, akapanda gari la moshi hadi Liverpool, akaingia meli nyingine. Jamaa waliobaki nyumbani walikumbuka jina la meli ya kwanza, orodha ya New York ikataja ya pili, na wajukuu wakabishana. Wote walikuwa na haki. Madaftari ya polisi ya Kristiania, yaliyoanza 1867, husaidia sana, maadamu mtafiti anajua mtu wake alitoka wapi; kwani Ole Olsen ni wengi mno katika kurasa hizo.

Mwaka 1923 sheria ya Norwe ililazimisha kila jamii kuwa na jina moja la kudumu. Waliobaki wengi wakachagua jina la shamba walilokuwa wakiishi siku hiyo, ambalo pengine silo aliloliacha ndugu yao miaka 50 kabla. Kwa sababu hiyo mtafiti anayeandika barua kutoka Minnesota afadhali aulize kwanza habari za shamba, na nani walikaa hapo mwaka wa kuondoka, kabla ya kuuliza habari za ukoo.