Opera ya Mwombaji na Watazamaji Wake

Mwezi wa Juni mwaka wa 1920, katika nyumba ndogo ya michezo iitwayo Lyric, mtaa wa Hammersmith, magharibi ya mji wa London, ulichezwa tena mchezo wa nyimbo uliokwisha kupata umri wa miaka 192. Nyumba yenyewe haikuwa na sifa. Ilikuwa mbali na mitaa ya katikati penye nyumba kubwa za michezo, na kabla Bwana Nigel Playfair hajaishika mwaka wa 1918, watu waliitania kuwa ni shimo la damu na viroboto. Fedha zilikuwa chache. Mchoraji, Claud Lovat Fraser, hakuweza kutengeneza picha za kila mahali panapotajwa katika mchezo, basi akafanya umbo moja tu la nyumba lisiloondolewa, likawa mara nyumba ya mtu, mara gereza. Walakini mchezo ule ulichezwa mara 1,463, kwa muda wa miaka mitatu na zaidi.

Huo ndio mchezo uitwao The Beggar's Opera, yaani Opera ya Mwombaji, uliotungwa na John Gay. Habari zake ni za wezi wa London. Yuko mzee Peachum, anunuaye mali ya wizi, naye huwauza wezi wake mwenyewe kwa serikali wasipomletea faida tena, maana kichwa cha mnyang'anyi kilikuwa na thawabu ya pauni 40. Binti yake Polly ameolewa kwa siri na Macheath, mnyang'anyi wa barabarani. Baba akisikia, hasikitiki kwa kuwa mkwewe ni mwizi. Asikitikalo ni hasara, basi afanya shauri mkwewe anyongwe ili thawabu ipatikane. Msomaji asidhani mtu kama huyo alibuniwa tu. Miaka mitatu kabla ya mchezo, yaani mwaka wa 1725, alinyongwa London mtu aitwaye Jonathan Wild, aliyefanya biashara hiyo hiyo.

Mchezo ulitokea mara ya kwanza tarehe 29 Januari 1728. Wenye nyumba ya Drury Lane walikuwa wameukataa, ndipo John Rich akaupokea katika nyumba yake ya Lincoln's Inn Fields. Usiku ule watu walikaa kimya kwa muda mrefu, hawakujua walichopewa. Walizoea opera za Kitaliana, zenye wafalme na miungu, na hapa waliona wezi wakiimba. Mshairi Alexander Pope alikuwapo pamoja na rafiki za Gay, nao walikuwa na hofu nyingi, mpaka waliposikia Mtemi wa Argyll, aliyekaa karibu nao, akisema kuwa mchezo utafaulu, kwani ameliona jambo hilo machoni pa watazamaji. Yasimuliwa kuwa Polly alipoimba kumsihi baba yake, mioyo ya watu ililainika, na tangu hapo makofi hayakukoma. Katika majira yale ya kwanza ulichezwa mara 62, jambo lisilokuwa na mfano wakati ule.

Kwa nini walipenda hivyo? Kwanza, kwa ajili ya sauti. Gay hakuagiza muziki mpya. Alichukua sauti za nyimbo zilizoimbwa njiani na sokoni akazitia maneno yake, nyimbo 69 kwa jumla. Sisi tunajua jinsi sauti ya zamani inavyoingia moyoni kabla maneno mapya hayajafahamika. Pili, na hili ndilo lililowachoma wakubwa, kila mtu aliona ya kuwa Peachum na wezi wake ni mfano wa Waziri Mkuu, Sir Robert Walpole, na watu wake waliokula rushwa. Katika mchezo wezi husema kama mabwana, na mabwana waliokuwa vitini walijisikia wakisemwa. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule serikali ikakataza mchezo wa pili wa Gay, uitwao Polly, usichezwe. Gay akaupiga chapa mwaka wa 1729, akapata fedha nyingi, kwa kuwa watu hununua kwa haraka kitu kilichokatazwa.

Wahubiri nao walisema. Thomas Herring, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, aliulaumu mchezo huu mwaka wa 1728 kwamba unamfanya mwizi apendeze na kuachiliwa bila adhabu. Mchungaji mwenziwe, Jonathan Swift, aliutetea, akasema kuwa unauonyesha uovu jinsi ulivyo. Hata mwaka wa 1773 hakimu Sir John Fielding alimwomba mwenye nyumba ya Drury Lane asiuonyeshe, akiamini ya kuwa huzidisha wezi. Daktari Samuel Johnson hakukubali. Alisema wanyang'anyi si watu wa kwenda kutazama michezo. Kwa maoni yangu Johnson alijibu swali dogo. Herring hakuwahofia wanyang'anyi tu, aliwahofia vijana waliokuwa bado hawajawa kitu.

Sasa turudi Hammersmith. Waliokaa vitini mwaka wa 1920 hawakuwa na neno na Walpole. Alikuwa amekufa tangu mwaka wa 1745, na wengi hawakutambua mishale iliyotupwa. Tena mchezo ulikuwa umepunguzwa: baadhi ya nyimbo ziliachwa na maneno mengine kulainishwa. Frederic Austin alizipanga upya sauti za zamani kwa vinanda vichache, naye mwenyewe akaigiza Peachum. Watu hawa walikuwa wametoka katika vita vya 1914 mpaka 1918, na walichokipata pale kilikuwa nyimbo safi za nchi yao na nguo za rangi nzuri. Walizipenda hata sura za Polly na Macheath zikafanyizwa sanamu ndogo za udongo wa kuchoma, zikauzwa ziwekwe juu ya meza. Hebu fikiri: mnyang'anyi aliyewatia mawaziri hofu amekuwa pambo la sebule! Lovat Fraser hakuona mwisho wa furaha hiyo. Alikufa mwaka wa 1921, umri wake miaka 31.

Wako wasemao kuwa huko ni kuupoteza mchezo. Mimi naona wamesema kweli nusu. Kicheko cha 1920 hakikuwa na adui, na kicheko cha namna hiyo hakimsumbui mtu. Lakini mchezo usiochezwa ni karatasi tu, na kama watu wa Hammersmith wasingejaza viti vile, habari zake zisingefika Ujerumani. Mwanamke mmoja wa Berlin, Elisabeth Hauptmann, alisikia sifa za London, akaufasiri kwa Kijerumani, na kwa kazi yake Bertolt Brecht na mpiga muziki Kurt Weill wakatunga mchezo mpya juu ya wezi wale wale, uitwao Opera ya Senti Tatu. Ulianza tarehe 31 Agosti 1928, nao ukaurudisha ule mwiba: mwizi na tajiri wakasimamishwa tena bega kwa bega.

Mchezo huo wa pili nao uliokolewa na watazamaji wa nyumba ndogo. New York waliuonyesha mwaka wa 1933 katika nyumba kubwa, ukafa baada ya mara 12. Mwaka wa 1954 ukachezwa tena kwa maneno ya Kiingereza ya Marc Blitzstein katika Theatre de Lys, nyumba yenye viti 299 tu. Watu walijaa, lakini baada ya mara 96 ilibidi uondoke kwa sababu nyumba ilikuwa imekwisha kuahidiwa wengine. Watazamaji hawakunyamaza. Brooks Atkinson, mwandishi wa gazeti la New York Times, alipoandika habari za michezo mingine alitia neno kwamba ule urudishwe. Mwezi wa Septemba 1955 ukarudi, ukakaa mpaka Desemba 1961.

Gay mwenyewe alikwisha kuitambua nguvu hiyo ya watu wa vitini. Mwisho wa mchezo wake Macheath yu tayari kunyongwa, ndipo mwigizaji mmoja amwendea yule mwombaji asemwaye kuwa ndiye mtungaji, amwambia kuwa watu wa mji hawatapendezwa na mwisho wa namna hiyo. Mwombaji afikiri kidogo, akubali, na mnyang'anyi afunguliwa kamba.