Kujitegemea kwa Mashine

Mwaka 1973, chama tawala cha TANU kilipokata shauri kuyahamisha makao makuu ya serikali kutoka Dar es Salaam na kuyapeleka Dodoma, katikati ya uwanda wa Ugogo ambako mvua ni ya msimu mmoja na siku zilizobaki ni za jua na vumbi, mahali palipokusudiwa palikuwa mji mdogo wa mkoa, uliokua kandokando ya reli ya Wajerumani iliyofika hapo mwaka 1910. Mji huo haukuweza kujipanga wenyewe. Mpango wake mkuu wa mwaka 1976 ulitungwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Wizara na mafaili yake zikabaki pwani. Na kwa zaidi ya miaka arobaini Dodoma ikawa makao makuu kwa jina, ilhali amri za serikali aghalabu zikiandikwa kwingine.

Mwaka huohuo wa 1973, na bila shaka pasipo watu wa upande mmoja kuwa na habari za upande wa pili, Ken Thompson na Dennis Ritchie wa maabara za Bell, New Jersey, waliuandika upya mfumo endeshi wao wa Unix kwa lugha ya C. Kabla ya hapo mfumo ule ulifungwa na lugha ya mashine moja, na lugha ya mashine ni kama upana wa reli: behewa la reli ya zamani ya Dodoma, ambayo upana wake ni mita moja, haliwezi kukanyaga reli mpya ya SGR yenye milimita 1,435, hata liwe limeundwa kwa chuma bora namna gani. Kila ukoo wa prosesa una amri zake na kaida zake za kupanga tarakimu katika kumbukumbu, na programu iliyotarjumiwa kwa ajili ya mmoja ni upuuzi mtupu mbele ya mwingine. C ilileta faraja hii, kwamba maandishi ya mtungaji yabaki karibu yaleyale, abadilishwe mtarjumani tu. Na mtarjumani huyo, ambaye mafundi humwita kompaila, si lazima akae ndani ya mashine anayoitarjumia.

Hili la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu, na asili yake ni ya kale kuliko C. Mwaka 1969 Thompson alipojipatia mashine ndogo ya PDP-7 isiyokuwa na watumiaji wengi, hakuanza kwa kuandika programu humo. Aliziandika katika mashine nyingine kubwa, GE-635, ambayo matokeo yake yalitoka katika utepe wa karatasi wenye matundu, na utepe ukabebwa kwa mikono hadi kwenye PDP-7 ukajaribiwe. Likionekana kosa, mtu hurudi alikotoka. Safari hizo zilidumu mpaka PDP-7 ikapata kiini cha mfumo, chombo cha kuhariria na mtarjumani wake yenyewe, ndipo ikaachana na mwenyeji wake. Ritchie, aliyeihadithia habari hii miaka ya baadaye, alisema kuwa tangu hapo mfumo ukajitegemea. Nasi tuliolelewa na Azimio la Arusha la 1967 hatuna haja ya kufasiriwa neno hilo.

Kwetu njia ilikuwa na miiba zaidi. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kwa hakika ilikuwa mashine ya Kimarekani, RCA 301, iliyouzwa na Waingereza kwa jina lao, nayo ilihesabu kwa herufi za biti sita. Mashine za mfululizo wa 1900 zilizoifuata zilikwenda kwa maneno ya biti 24. Baina ya koo hizo mbili hapakuwa na ujamaa wa aina yoyote, na yaliyotungwa kwa amri za ile ya kwanza hayakuwa na pa kwenda isipokuwa kutungwa upya. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini, ila kwa idhini maalumu. Wako wanaoicheka amri ile. Mimi siicheki, kwa kuwa mnunuzi wa mashine zisizosikilizana, mwenye wataalamu wa kuhesabika na akiba haba ya fedha za kigeni, ana haki ya kuogopa. Kosa lake, kwa rai yangu, lilikuwa kudhani kwamba maarifa ya chombo yangepatikana kwa kukaa mbali nacho.

Marufuku ilipokuwa ikilegea kidogokidogo, kampuni ya Acorn ya Cambridge iliwasha prosesa yake ya kwanza ya ARM mwaka 1985, na mwaka 1987 Richard Stallman akaitoa GCC, kompaila ya bure iliyokuja kutarjumu kwa ajili ya koo nyingi mno.

Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, juu ya vilima vya Chimwaga. Huko nako safari za Thompson hurudiwa kwa sura nyingine: mtu aketiye mbele ya kompyuta ya mezani yenye prosesa ya ukoo wa Intel, akitaka kuiandalia programu mashine ya ARM, hana budi kuweka maktaba za mwenyeji, yaani mashine anayoandikia, mbali na za mlengwa, yaani ile itakayoiendesha programu, maana zikichanganyika kazi huharibika. Na mfumo wa Debian, katika toleo la 7 la mwaka 2013, uliziwezesha kukaa nyumba moja pasipo ugomvi. Nami nimewahi kuupoteza mchana mzima kwa faili moja ya maktaba iliyotoka upande usio wake.

Serikali nayo ilianza kuhamia Dodoma kwa dhati mwaka 2016, na mwaka 2018 sheria ikautangaza mji huu kuwa makao makuu. Ndivyo mji uliopangwa na wengine ulivyoanza, kama PDP-7, kuachana na mwenyeji wake. Lakini si kila mlengwa hufikia kujitegemea. Kibao cha Arduino Uno R3, ambacho mwanafunzi aweza kukitumia kupimia unyevu wa udongo wa shamba la mtama, kina kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 2 tu. Kompaila haitaingia humo kamwe. Utepe wa karatasi umekuwa waya wa USB, na likionekana kosa, mtu hurudi alikotoka.