Mahege, Mahenge, na Mantiki ya George Boole

Majina mawili, Mahege na Mahenge, yanapitana kwa herufi moja tu, lakini mahali penyewe pameachana mbali. Mahege ni kata ya Kibiti, upande wa delta ya Rufiji. Mahenge ni mji wa milimani katika Ulanga, mkoani Morogoro. Mtafiti wa habari za Mahege aandikapo jina hilo katika katalogi ya maktaba, baadhi ya mashine humdhania amekosea tahajia, zikamletea vitabu vya Mahenge kwa wingi. Naye kwa kuudhika huiamuru mashine iondoe kila kilichotaja Mahenge. Amri hiyo ina asili ya zamani, na kwa historia ya Rufiji ina hasara yake.

Asili ni George Boole, mwana wa fundi viatu wa Lincoln, Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1815. Yeye hakupata kusoma chuo kikuu, ijapokuwa tangu 1849 alikuwa profesa wa hesabu huko Cork, Ireland. Katika kitabu chake cha 1854 juu ya kanuni za fikira alionyesha ya kuwa makundi ya vitu huweza kuandikwa kwa alama na kufanyiwa hesabu. Alama yake ya kujumlisha ilikubali makundi yasiyoingiliana tu, W. S. Jevons ndiye aliyeilegeza, katika mwaka 1864, hata kitu kilichomo katika makundi yote mawili kikaingia bila kuhesabiwa mara mbili. Kwa hiyo AU ya maktaba za leo ni ya Jevons kuliko ya Boole mwenyewe. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, huko Marekani, Mortimer Taube alilipa kila neno kadi yake, na juu ya kadi zikaandikwa namba za hati. Namba iliyoonekana katika kadi mbili ilikuwa jibu la NA. Kufikia 1964 maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani ilikuwa ikiifanyia kazi hiyo kompyuta.

Shida ya kwanza ni ya lugha. Msemaji wa Kiswahili akiomba vitabu vya Rufiji na Kilwa, anataka vya huku na vya huko pia. Kwake “na” huongeza. Katika mashine NA hupunguza: hubaki vile tu vinavyotaja kote kuwili. Alichokitaka huitwa AU, neno ambalo katika mazungumzo humlazimu mtu achague kimoja akiache kingine. Wanafunzi wengi hulaumu maktaba kuwa haina kitu, kumbe wameuliza kwa sarufi ya nyumbani.

Shida ya pili ni umbo la maneno. Alama ya nyota, iwekwayo mwishoni mwa neno ili kukusanya matawi yake, ilitungwa kwa lugha ambazo viambishi vyake hufuata mzizi. Mtu aandikaye Rufij* atapata Rufiji, lakini hatapata Warufiji wala Kirufiji, kwa kuwa Kiswahili hubadilika mbele. Katalogi nyingi hazikubali nyota mwanzoni. Basi hapana budi kuyapanga maumbo yote kwa AU, pamoja na Rufidji, tahajia ya Wajerumani, na Mohoro, ambayo siku hizi huandikwa Muhoro. Tena wilaya ya Kibiti ilimegwa kutoka Rufiji katikati ya miaka ya 2010; atafutaye Kibiti peke yake huenda akakosa karibu yote yaliyoandikwa kabla ya hapo.

Lakini lenye madhara makubwa ni SI. Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi mwezi Julai 1905. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, na tarehe 30 ya mwezi huohuo boma la Mahenge likashambuliwa. Ni vigumu kuandika historia ya vita hivyo bila kuwataja watu wa Rufiji na boma la Mahenge katika kitabu kimoja. Mtafiti aliyeandika SI Mahenge ili ajiepushe na kosa la herufi moja amevitupa vitabu vilevile vyenye habari za majirani wa Mahege, na mashine haimwambii imetupa nini. Orodha iliyobaki huonekana safi, ndiyo maana huaminiwa.

Afadhali jina lifungwe kwa alama za kunukuu, mashine isilisahihishe. Kisha itafutwe nchi iliyolizunguka: Mahege AU Rufiji AU Rufidji AU Kibiti AU Mohoro, yote ndani ya mabano, na nje yake NA pamoja na jambo lenyewe, mikoko, mpunga au vita. Orodha itakuwa ndefu, na mabaki ya Mahenge yatakuwamo. Hayo huondolewa kwa macho, ukurasa kwa ukurasa.